Rivolva ya Mama Shelina na Sufuria za Musoma

Mwizi aliyeingia kwa Mama Shelina alikuwa na adabu zake. Alivunja kioo kidogo cha mlango wa jikoni, akachukua ufunguo wa gari uliokuwa umetundikwa kwenye msumari karibu na friji, na kabla ya kuondoka na gari lenyewe akafunua sahani ya kababu pale mezani, akala, kisha akaifunika tena.

"Ameifunika, Kemunto!" Mama Shelina aliniambia asubuhi yake, niliporudi kutoka kazini. "Huyo amelelewa na mama."

Alicheka, nami nikacheka. Lakini kikombe cha chai alichokuwa ananimiminia kilijaa hadi kwenye kisahani, naye akaendelea kumimina.

Mimi ni mpangaji wake. Nakaa chumba cha chini, nusu ardhini, katika nyumba yake ya matofali hapa Kingsview, mahali ambapo ndege zinazotua uwanja wa Pearson hupita juu ya paa chini kiasi kwamba ukianika nguo za ndani unaona haya. Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku kwenye makao ya wazee, yaani saa za wezi mimi sipo. Mumewe, mzee Roshanali, ameshatangulia mbele ya haki, na binti yao Shelina anaishi Calgary. Kwa hiyo usiku ule Mama Shelina alikuwa peke yake ghorofani, macho kwenye dari, akimsikiliza mtu akitafuna.

Mimi wizi haunipi homa. Dunia ilinifundisha bila kuuliza kama nimekuja na kalamu. Nairobi walinipokonya simu nikiwa katikati ya sentensi. Mtaa wa Parkdale, nilipokuwa mgeni nchi hii, waliiba baiskeli wakaniachia kufuli, tena kufuli lenyewe likiwa limefungwa vizuri. Lakini Mama Shelina hakuibiwa gari tu, aliibiwa usingizi. Alikihama kitanda, akahamia kwenye kiti cha mbao juu ya ngazi. Alilala hapo ameketi, viatu miguuni, taa zote zikiwaka kama nyumba ya harusi.

Shelina akanipigia simu. Yeye Kiswahili anakielewa chote, hata matusi, ila hujibu kwa Kiingereza.

"Kemunto, niambie ukweli. Mama analala wapi?"

"Kitini."

"Basi mwambie hivi. Theluji ya kwanza ikianguka bado yuko kwenye hicho kiti, nakuja kumchukua. Nyumba tunauza."

Nilimfikishia mwenyewe ujumbe huo jikoni, taratibu, kama mtu anayepita na uji wa moto.

"Calgary?" Mama Shelina akasema. "Nikakae chini ya nyumba ya mkwe wangu kama viazi?"

"Mama Shelina, mimi nakaa chini ya nyumba yako."

"Wewe ni Mkisii. Ndizi huivia gizani." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Mimi siendi popote. Nanunua bastola."

Kati yetu ndivyo tulivyo. Yeye ni Mwismailia wa Musoma, mimi ni wa Kisii, na kati ya kwao na kwetu kuna mpaka mmoja tu pale Sirari. Siku ya kwanza nilipokuja kuangalia chumba alinisalimia kwa Kiswahili cha sokoni, akaniuliza kama Wakisii bado wanagombana hata na kivuli. Nikamjibu tunagombana, lakini kivuli hakitudai kodi. Akanipa chumba.

Sasa kuhusu hiyo bastola, usidhani alikuwa anaropoka. Mzee Roshanali alikuwa mpenzi wa kulenga shabaha. Kila Jumapili alikwenda klabu kufyatua bastola za huko, na kwa kuwa hakupenda kwenda peke yake, alimburuta mkewe wakasoma kozi pamoja, wakafanya mtihani pamoja, wakapata leseni pamoja. Mzee alifyatua, mama akakaa nyuma na chupa ya chai, na mara moja moja akajaribu naye. Leseni yake ilikuwa bado hai. Ila ulikuwa mwaka 2022, na serikali ilikwisha kutangaza kwamba mauzo ya bastola kwa raia yanafungwa. Maduka yalijaa watu kama siku ya mkesha wa sikukuu. Aliyetaka ilibidi awahi.

Basi tukawahi, ndani ya gari langu, ambalo mwizi yeyote mwenye akili zake angelipita bila kuligusa.

Njia nzima Mama Shelina alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba. Baba yake aliwahi kuwa na duka Musoma, na aliwahi kuomba kibali cha bastola. Alichojifunza bintiye kwa baba ni kwamba kibali cha silaha kinatafutwa kama msaada wa msiba: unaeleza hatari yako, unaeleza wezi wako, na ukiweza kudondosha chozi mbele ya mkubwa wa polisi, dondosha. Asiye na hofu apewe bastola ya nini?

"Nitaanza na ujane," akaniambia. "Halafu kioo. Halafu kababu."

"Kababu ziache, Mama. Zitapunguza uzito wa hotuba."

Dukani makabati ya vioo yalikuwa nusu matupu. Nyuma ya kaunta alisimama Wayne, mzee wa ndevu nyeupe na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimpokea Mama Shelina kwa heshima, akaitazama leseni, akauliza anapenda aina gani.

"Rivolva," Mama Shelina akasema. "Ile yenye kigurudumu cha risasi katikati. Mume wangu alisema ni kama jiko la mkaa, haina mambo mengi ya kuharibika. Na iwe ya bei nafuu. Na ndogo, iingie kwenye mkoba."

"Ndogo hiyo hakuna," Wayne akasema. "Mtutu ukiwa mfupi kuliko kiganja, sheria imeipiga marufuku. Na hata ndefu haiingii mkobani. Inasafiri imefungwa, kutoka nyumbani hadi klabu, basi."

Akamtolea moja iliyotumika, nyeusi, nzito, yenye mdomo mpana. Mama Shelina akaipima mkononi kama anayechagua papai.

"Bei?"

Wayne akataja.

"Bei ya mwisho?"

"Hiyo ndiyo bei."

"Hiyo ni ya kwanza. Nauliza ya mwisho."

Wayne akanitazama mimi. Nami nikaitazama dari, kwa sababu mambo ya watu wazima siyaingilii. Kisha akauliza swali alilomuuliza kila mtu: "Na ni ya kazi gani, mama?"

Basi. Lile lango lilifunguliwa, na hotuba ikatoka. Ujane ukatoka. Kioo kikatoka. Kiti juu ya ngazi, viatu miguuni, mwizi anatafuna. Ilikuwa hotuba nzuri, jamani. Mimi niliyeishi ndani yake nilihisi macho yananiwasha. Akamalizia kwa mkono kifuani: "Nina hofu, mwanangu. Nataka ya kujilinda."

Wayne akachukua ile rivolva taratibu kutoka mkononi mwake, akairudisha kabatini, akafunga kwa ufunguo.

"Pole sana, mama," akasema. "Ukiniambia hivyo, siwezi kukuuzia."

Mama Shelina alinigeukia. "Nimesahau kulia," akaninong'oneza. "Ni kwa sababu sikulia."

Wayne akatueleza kwa upole. Hapa bastola ina milango miwili tu kwa watu kama sisi: shabaha ya klabu, au ukusanyaji wa vitu vya kale. Hofu si mlango. Mwenye hofu anaambiwa apige simu polisi. Akaongeza: "Sikwambii uje kesho na uongo mwingine. Rudi klabu ya mzee wako. Piga shabaha. Ikiwa kweli unaipenda, nitajua, na utarudi."

Garini Mama Shelina alihesabu taa tulizozipita.

"Nchi ya ajabu," akasema mwishowe. "Kwetu bunduki wanampa anayetetemeka. Hapa wanampa asiyetetemeka. Sasa mimi nitapata lini?"

Na mikono yake, niliiona kwenye mapaja, ilikuwa inatetemeka.

Jumapili iliyofuata nikampeleka klabu. Msimamizi wa mstari wa kufyatulia alikuwa mwanamke mpana wa mabega, Sabine, mzaliwa wa Bukavu, mwenye sauti ya kuweza kusimamisha lori. Aliposikia tunagombana juu ya vizibo vya masikio akageuka.

"Kumbe muko ba Kiswahili! Mama, karibu. Bwana yako nilimujua, alikuwa na chai ya muzuri."

Kabla ya kumpa silaha yoyote, Sabine alimfundisha kitu kimoja. Pale mstarini mtu yeyote, awe mgeni au mwenyeji, akiona hatari anapaza sauti ya kusimamisha, na kila mtu anaacha mara hiyo hiyo. Kwa hiyo kila mtu lazima aweze kuipaza.

"Jaribu, Mama. Sema: simama!"

"Simama," Mama Shelina akasema.

"Hiyo ni sauti ya kuomba chumvi kwa jirani. Tumbo, Mama! Itoke ku tumbo!"

"Simama!"

"Chumvi na sukari. Tena!"

Ilichukua Jumapili nzima. Watu walikuwa wanafyatua mabunduki yao, na nyuma yao, kwenye maegesho ya magari, kuna bibi wa Musoma aliyejifunga mtandio anaamrisha hewa isimame. Jioni sauti ilikuwa imekauka, na tulipofika nyumbani akala wali sahani mbili.

Halafu zikaja bastola zenyewe. Ile kubwa ya klabu, ya aina aliyoipenda dukani, ilimrusha mikono juu kama aliyeitwa mbele kanisani. Alifyatua mara chache, akaiweka chini.

"Hii haipigi shabaha," akasema. "Inanipiga mimi. Na risasi zake? Kila ukivuta umetupa kilo ya sukari."

Sabine akampa nyingine, rivolva ya risasi nyembamba, zile ndogo ndogo zinazouzwa kwa bei ya karanga. Ilikuwa na uzito wa kutosha kukaa kimya mkononi na haikuruka. Mama Shelina akavuta pumzi, akavuta kifyatulio, na kwenye karatasi kule mbali pakatokea tundu karibu na katikati. Akavuta tena. Alipomaliza kigurudumu chote alisimama kidogo, kisha akauliza, bila kugeuka:

"Kemunto, mikono?"

Nikaitazama. "Imetulia, Mama."

"Nilidhani naota."

Oktoba ilipoanza tukarudi kwa Wayne. Makabati sasa yalikuwa matupu zaidi, lakini kwenye kona palikuwa na rivolva kuukuu ya risasi nyembamba, mtutu mrefu, mpini wa mbao uliolainishwa na viganja vya mtu mwingine. Mama Shelina akaifungua kigurudumu, akachungulia, akakizungusha, akasikiliza mlio wake kwa sikio la mtu anayekagua cherehani.

"Ya kazi gani, mama?" Wayne akauliza.

"Ya kutoboa karatasi," akajibu. "Kuna karatasi moja klabu ina dharau."

Wayne akacheka mpaka miwani ikamwanguka kifuani. Bei hakupunguza, mzee yule ni jiwe, lakini akaongezea kufuli la kifyatulio na kasha dogo la chuma, na Mama Shelina akatoka dukani akiamini amemshinda. Kibali cha kuihamishia kwake kilipita kabla mlango wa serikali haujafungwa.

Sasa hapa ndipo nilipotaka kufika. Rivolva ilikuja nyumbani, na usiku huo huo Mama Shelina akarudi kwenye kiti chake juu ya ngazi. Na viatu.

"Mama, si tumenunua?"

"Tumenunua. Lakini sijaona itakavyofanya kazi."

Basi Jumamosi mchana tukafanya majaribio. Mimi nikawa mwizi. Nilivaa kofia ya sufu, nikashika foronya ya mto kama gunia, nikaingia kwa mlango wa jikoni nikinyata.

"Mwizi!" Mama Shelina akapiga kelele kutoka ghorofani. "Subiri hapo!"

Sheria ni kwamba bastola ikae bila risasi, na kufuli kwenye kifyatulio, ndani ya kasha lililofungwa. Risasi nazo zifungiwe kwao. Nilimsikia akitafuta ufunguo wa kasha, aliouficha ndani ya kopo la dengu. Dengu zikamwagika. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni. Kasha likafunguka. Sasa anatafuta ufunguo wa lile kufuli dogo. Nikachukua chungwa, nikalimenya.

"Kemunto, uko wapi?"

"Nimefika sebuleni, Mama. Naangalia televisheni, nione kama ni ya kuiba."

"Subiri! Nimepata kufuli. Sasa risasi. Risasi ziko wapi?"

Tukakumbuka kwa pamoja. Sanduku la risasi tulilifungia chini, chumbani kwangu. Akashuka ngazi, rivolva tupu mkononi imeelekezwa sakafuni kama alivyofundishwa, akanikuta mimi nimesimama katikati ya njia na gunia langu na kipande cha chungwa mdomoni.

"Samahani, mwizi," akasema. "Naomba nipite."

"Pita, Mama. Ukishuka angalia ile ngazi ya tatu, imelegea."

Akaketi palepale kwenye ngazi. Akacheka, nikacheka, tukacheka mpaka nikapaliwa na chungwa akanipiga mgongoni. Ndege ikapita juu ya paa na hatukuisikia.

Kisha kicheko kikamwishia, akabaki ameishika ile bastola mapajani.

"Kwa hiyo hii si ya usiku," akasema.

"Hii ni ya Jumapili, Mama."

"Na theluji iko njiani."

Nikamsimulia habari za mama yangu, Kisii, mlango wetu wa mbao uliokuwa na komeo la msumari, na jinsi kila usiku alivyopanga sufuria nyuma ya mlango, kubwa chini, ndogo juu, kikombe cha bati kileleni. Mwizi angeweza kufungua mlango. Hangeweza kuufungua kimyakimya.

Mama Shelina aliinuka, akaenda jikoni. Chini ya sinki alikuwa na sufuria za harusi yake, za Musoma, zile zinazoingiana, kubwa yake unaweza kumwogeshea mtoto. Tukazipanga nyuma ya mlango wa mbele, na za pili nyuma ya mlango wa jikoni. Kisha nikatoka nje, yeye akazipanga upya nyuma yangu akapanda ghorofani, nami nikausukuma mlango.

Jamani. Nimesikia milio ya klabu. Ile ni kikohozi. Mbwa wa jirani walibweka mpaka mwisho wa mtaa.

Na kutoka ghorofani, kabla kifuniko cha mwisho hakijaacha kuzunguka sakafuni, ikashuka sauti: "SIMAMA!"

Nikasimama. Najua ni yeye, najua ni mchezo, na miguu yangu ikasimama yenyewe. Sabine angelia kwa furaha.

Usiku ule alivua viatu. Usiku uliofuata aliondoa kiti juu ya ngazi, akakirudisha mezani kilikotoka. Mimi nikirudi zamu nampigia simu kwanza, anashuka kuzisogeza sufuria.

Nikamwambia Shelina kwenye simu: "Mama amenunua bastola, na analala kitandani."

"Wewe ni mpangaji wake," akanijibu. "Utasema lolote."

Haki yake. Hata mimi nisingeniamini.

Theluji ya kwanza ilianguka usiku, nyepesi, kama unga uliopeperuka kwenye chekeche. Alfajiri nilipotoka kazini nikaona nyayo mbichi zinaelekea mlango wetu wa mbele, na mwishoni mwa nyayo amesimama Shelina, begi la safari begani, boksi la peremende mkononi, ufunguo tayari kwenye tundu. Alipanda ndege ya usiku aje ajionee mwenyewe mama yake kwenye kiti.

"Usiseme kitu," akaninong'oneza. "Nataka kumkuta alivyo."

Ningeweza kumwonya. Lakini nilikuwa nimeambiwa nisiseme kitu, nami ni mtu wa utiifu.

Akasukuma mlango.

Sufuria kubwa ikaenda kushoto, za kati zikaenda zilikopenda, kifuniko kikapita kati ya miguu yake kikatoka nje kwenye theluji. Shelina akapiga ukelele ambao haukuwa Kiingereza wala Kiswahili.

"SIMAMA! Mikono niione!"

Shelina akasimama. Mikono juu, boksi la peremende likiwa limeshikwa kileleni kama kombe la mpira. Mama yake akatokea juu ya ngazi. Gauni la kulalia, nywele zimesimama upande mmoja, miguu mitupu, na shavuni alama ndefu ya mkunjo wa mto, nyekundu, mpya. Mkononi hakuwa na kitu chochote isipokuwa simu, tayari kuita polisi.

Akashuka ngazi moja, akakaza macho.

"Shelina?"

"Mama."

"Unaingia kwangu na viatu vyenye theluji?"

Shelina akavua viatu, mikono bado juu, akisaidiwa na visigino. Alikuwa anamtazama mama yake usoni, ile alama ya mto, kisha miguu yake mitupu, kisha pale juu ya ngazi ambapo hapakuwa na kiti. Machozi yakamlenga.

"Where's the gun, Mama?"

"Kwenye kasha lake, kwa kufuli mbili. Ina kazi Jumapili." Mama Shelina akalipokea boksi, akalifungua, akachagua peremende. "Shusha mikono. Na mlete huyo Mkisii ndani, anajificha nyuma yako anacheka."

Shelina alikaa nasi siku chache. Calgary haikutajwa tena, ila mara moja tu, kwenye habari za hali ya hewa. Jumapili tukaenda klabu sote watatu. Sabine alimfundisha kupaza sauti na akamwambia anaomba chumvi. Karatasi yenye dharau mama yake aliitoboa mpaka ikaonyesha upande wa pili.

Jioni yake ya mwisho nilikuwa navaa koti niende zamu, nikamkuta Shelina amepiga magoti nyuma ya mlango wa mbele, sufuria zimemzunguka kama vifaranga, anajaribu kuzipanga na zinamkatalia. Aliinua kichwa akanitazama. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaniuliza kwa Kiswahili:

"Kemunto, ya chai inakaa juu au chini?"

"Juu," nikamwambia. "Na ungoje mimi nitoke kwanza."